Nilijua Kukuza, Sikujua Kurudisha

Macho yangu yalianza kuharibika nikiwa bado ninashona. Kwanza tundu la sindano likapotea, kisha mustari wa chaki juu ya kitenge, na mwisho wateja wakaanza kunirudishia blauzi zenye mukono mumoja mufupi kuliko mwingine. Nikaacha kushona, nikabaki kukaa mbele ya nyumba yetu hapa Rwambuzi, nikiwajua wapita njia kwa sauti. Jina la mutu nikilisikia mara moja halitoki tena. Watu wakiwa na matanga wananiita niwapange jamaa: nani mutoto wa nani, nani aliolewa wapi. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Huku kwetu jina peke yake linasema mutu ametoka upande gani, na kuna siku jambo hilo linamuletea mwenyewe shida.

Ninaishi na mujukuu wangu wa kike. Mama yake alikuwa mutoto wangu wa mwisho, muuguzi. Ugonjwa ulimuchukua wakati huyu mujukuu angali anabebwa mugongoni. Alipomaliza sekondari, msichana akasema anataka kuingia shule ileile ya wauguzi aliyosoma mama yake. Siku hizi hupeleki tena karatasi mukononi. Unafungua ukurasa wa shule kwenye entaneti, unajaza, unatuma. Wajomba zake wakamutafutia ordinatere, kompyuta ya kufunua na kufunika, iliyokwisha kutumika, iliyotoka Kampala. Herufi zake zilikuwa zimepangwa kwa namna ya Kiingereza, basi muuzaji akaigeuza ifuate mupango wa Kifaransa, ule anaoujua msichana tangu shuleni, na juu ya kila kibonyezo akabandika kikaratasi chenye herufi mupya.

Siku msichana alipoileta nyumbani alinionyesha ukurasa wa shule. Nikamwambia ninaona wadudu tu.

“Ngoja, Koko,” akasema; huku kwetu bibi ni Koko.

Akashikilia kwa kidole cha kushoto kibonyezo cha chini pembeni, kile wanachoita Control, na kwa kidole kingine akagonga alama ya kujumlisha. Maandishi yakafura kama unga wa mandazi.

“Sasa?”

“Sasa naona wadudu wanene.”

Akacheka, akagonga tena na tena, mupaka nikasoma neno moja, polepole, kama nilivyosoma zamani kwa masista. Kisha akagonga kitu kingine na yote yakarudi madogo. Kile kidole cha kurudisha kilienda mbio, sikukiona. Nikabaki na nusu ya ujuzi.

“Lakini usiiguse wakati siko, Koko. Dosie yangu yote, karatasi zote za shule, iko humu.”

“Nitaigusa kwa nini? Inapika ugali?”

Nilisema hivyo huku nimekwisha kuona kitu. Chini ya ukurasa ule kulikuwa na foto ya zamani ya wanafunzi, wasichana wenye nguo nyeupe wamesimama mistari mitatu. Mujukuu wangu aliipita mbio, ukurasa ungali mukubwa. Lakini mumoja wa mustari wa nyuma alikuwa ameinamisha kichwa begani, kama mutu anayesikiliza ukuta, na katika maisha yangu nimejua mutu mumoja tu anayesimama hivyo. Ningeweza kusema, “Rudisha kidogo, mama, tuangalie.” Sikusema. Nilitaka kumuona kwanza peke yangu, na nilipomuona peke yangu nikataka tena.

Kila mara msichana alipoenda kuimba na kwaya, mimi nilifunua ordinatere, nikautafuta ukurasa wa shule aliouacha wazi nyuma ya mengine. Control niliishikilia kwa kushoto kama nilivyozoea kushikilia kitambaa, na kulia nikagonga. Mikono yangu haikuona ugeni. Mustari wa nyuma ukasogea mbele, nyuso zingine zikatoka nje ya kioo, na mutoto wangu akabaki amekijaza chote. Kofia aliyovaa niliishona miye. Nilimuangalia mupaka niliposikia watoto wa jirani wakimusalimia msichana njiani, hapo nikafunika. Nilifikiri ni kama cherehani: ukitoa kitambaa na kufunika, kesho unaanza upya, hakuna anayejua ulishona nini. Naye kwa siku zile alikuwa anafungua mambo mengine. Ukurasa wa shule hakuurudia, alikuwa akingojea kwanza buletini yake ya alama za sekondari isainiwe. Sikujua kwamba ordinatere inaukumbuka kila ukurasa na ukubwa wake.

Mara ya mwisho niliingiwa na woga, nikataka kuurudisha kama alivyofanya yeye. Nikajaribu huku na huku. Nikashika pamoja vibonyezo viwili vya kushoto, kimoja karibu na kile kirefu cha chini, kingine chenye mushale unaotazama juu. Kitu kidogo kikawaka kwenye pembe ya kioo, kikazimika. Uso haukupungua. Nikafunika.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Alifungua ukurasa mapema, buletini iko tayari, chai yake pembeni. Nilisikia vidole vinagonga, kisha vinagonga kwa nguvu.

“Koko, kuna mutu aliingia humu?”

“Hakuna.”

Na kweli, hakuna mutu aliyeingia. Nilikuwa ndani tayari.

“Ona basi. Page imekuwa kubwa, ile mahali ya kutuma imetoka inje, sione hata pembe yake. Nagonga ya kupunguza, haipunguke. Naandika a, inaleta q. Jina yangu yote imeharibika. Hii ni virusi.”

“Labda ni umeme,” nikasema.

Leo bado ninalisikia lile neno langu. Sijui kitu juu ya umeme. Nilijua vidole vyangu viwili, na nilijua kile kitu kidogo kilichowaka, na nikasema umeme.

Aliifunga ordinatere katika mufuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akaita motari, akapanda pikipiki yake, akaenda mujini kumutafuta muuzaji. Nilibaki na chai yake. Niliifunika kwa kisahani, nikaifunua, nikaifunika. Nilijiambia muuzaji ataitengeneza, na mambo yataisha bila kunipitia miye. Niliomba hata Mungu kwa namna hiyo, kwamba itengenezwe kimyakimya. Mutu wa umri wangu, anayeitwa kwa watu kusema ukweli wa jamaa zao.

Alirudi jua limeinama, matope mupaka magotini. Hakuingia ndani. Alikaa karibu nami, akavua viatu.

“Muuzaji iko Komanda, atarudi kesho kutwa. Kwa siber, kule kwa ordinatere za kulipia, koneksio hakuna tangu asubuhi. Muvulana wa kule ameniambia nibonyeze hii na ile, haikusaidia kitu.”

“Na ukurasa unafungwa saa ngapi?”

“Leo leo. Saa sita ya usiku.” Akafinya maji kutoka kwenye pindo la kitenge. “Si neno, Koko. Utanifundisha kushona. Nitashona blauzi za mukono mumoja, tutauzisha kwa wale wenye baridi ya upande mumoja.”

Alitaka nicheke. Kama angenitukana ningenyamaza, ninajijua. Lakini alikuwa amekaa na miguu michafu, ananichekesha ili nisiumie.

“Ni miye,” nikasema.

“Weye nini?”

“Miye niligusa.”

Nilingoja sauti ipande.

“Uligusa wapi? Onyesha vidole.”

Akaitoa ordinatere kwenye plastiki, akaifunua, akaiweka juu ya magoti yangu. Mbele ya macho yake vidole vikasahau. Nilijaribu huku, nikajaribu kule, hakuna.

“Koko, usifikiri. Fanya tu kama ile siku.”

Nikafumba macho, kama nilivyokuwa nafanya nikitia uzi sindanoni gizani. Vidole vikaenda vyenyewe, hiki karibu na kile kirefu, hiki penye mushale. Nilimusikia akivuta pumzi.

“Imewaka,” akasema. “Pale pembeni.”

Akaandika a. Ikaja a. Ndipo akanieleza: vile vibonyezo viwili viliirudisha ordinatere kwenye mupango wake wa Kiingereza, huku vikaratasi vya juu vimebaki kwa Kifaransa. Kujumlisha kuko mahali pamoja katika mipango yote miwili; kutoa hakuko. Alikuwa siku nzima anagonga kikaratasi chenye alama ya kutoa, na chini yake hakuna kutoa. Nami nilikuwa na dawa yake mukononi, nimekalia kiti.

Akashikilia Control, akagonga kutoa, na ukurasa ukanywea mupaka mahali pa kutuma pakaonekana. Akajaza kila kitu upya kwa koneksio ya simu yake. Sikuondoka kando yake mupaka ukurasa ulipoandika kwamba dosie imepokelewa. Hakuruka wala kuimba. Alifuta uso kwa mukono.

“Ulijua tangu asubuhi?”

“Tangu asubuhi.”

“Na ukaniacha niende ile mvua yote.”

“Ndiyo.”

Kisha akaushusha ukurasa mupaka kwenye foto. “Asubuhi hapa kulikuwa shavu ya mutu, kubwa sana. Ulikuwa unatafuta nani?”

“Mama yako.”

Ndani ya nyumba yetu hakuna foto ya mama yake. Zilibaki kule tulikotoka tukikimbia. Alikuza polepole, gonga moja, anangoja, gonga lingine. Sikumuonyesha kwa kidole. Alipofika kwenye kile kichwa kilichoinama aliacha kugonga.

“Tangu lini uko unamuona?”

“Tangu ile siku ya wadudu.”

Hilo lilimuuma kuliko mvua, nililiona. Aligeuza uso. Kwa siku zile zote nilikuwa na mama yake kwenye kioo, na yeye anarudi kutoka kwaya ananisalimia, namuuliza nyimbo zilikwenda vipi.

Aliporudi kwenye kioo akaniuliza wa kulia ni nani. Nikamwambia jina. Na wa kushoto. Nikamwambia, na kwamba alikuwa anakuja kula kwetu siku za Jumapili. Alipita nyuso zilizokuwa kwenye kioo, nami nikazitaja. Kisha akaweka kidole juu ya yule wa katikati.

“Na huyu?”

Nikaelewa anachotaka. Matanga ya watu nimeyatajia majina mupaka ya mababu, lakini katika nyumba yetu nilisema “mama yako” tu, kwa sababu lile jina lilikuwa linanichoma mudomo. Nikalisema. Akalirudia mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mutu anayepima nguo ya mwingine.

Kisha akachukua kidole changu, akakiweka kwenye kikaratasi cha kutoa.

“Shika Control. Gonga hapa. Utajua na kurudisha, usiniue tena.”

Nikagonga. Mutoto wangu akarudi nyuma kidogo. Nikagonga tena, wenzake wakaingia pembeni yake. Mujukuu wangu alikuwa ameshikilia mukono wangu, akingoja, nami nikaendelea kugonga mupaka mistari mitatu ikatimia na sikuweza tena kumujua ni yupi.