Jumapili kwa Masista wa Kisumu

Nilimwahidi mama mkwe kwamba Jumapili jua halitazama kabla sijarudi. Nilimwahidi nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, naye kambeba mgongoni binti yangu wa miezi kumi, aliyekuwa bado ananyonya. Jumapili hiyo jua lilipozama mimi nilikuwa Kisumu, nchi ya watu, nimejinyoosha kwenye kitanda cha masista.

Sikuzuiwa na mtu. Afadhali niseme mapema, maana kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba basi liliharibika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Kwetu Musoma sabuni ilipatikana kwa kujuana, na mafuta ya kula kwa kujuana zaidi. Mpaka ulipofunguliwa, kila mwenye miguu alivuka kwenda Kenya kununua. Mimi mwalimu wa shule ya msingi nilijikaza nikaenda Kisumu, na paroko wetu akanielekeza nilale kwa masista wenye vyumba vya wageni. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa nimekwisha nunua vyote, sabuni za mche, mafuta ya kopo na kitambaa cha sare. Basi la mpakani lilikuwa linaondoka alfajiri.

Sista aliyehudumia wageni alikuwa mama wa Kijaluo, mzee, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinitazama nikishusha mizigo.

"Mama, wewe umechoka mpaka kwa macho. Kesho ni siku ya Mungu. Lala, Jumatatu utaenda."

"Nimeacha mtoto, Sista."

"Mtoto iko na nani?"

"Na bibi yake."

"Basi iko sawa. Nyanya ni mama pia."

Nikakubali. Nilikubali upesi kuliko ilivyompasa mama wa mtoto mchanga, na usiku ule sikujigeuza kitandani hata mara moja.

Jumapili baada ya misa wakanipa chai nzito ya maziwa na mandazi, kisha nyumba ikanyamaza. Masista walikuwa na desturi ya kutosemezana hadi chakula cha mchana. Tangu niolewe sikuwahi kupata asubuhi ambayo hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Nilirudi chumbani nikalala tena, mchana kweupe, kama mke wa chifu. Kwa mbali injini ya treni ilikuwa ikipiga honi bandarini, na hata honi ile niliiona tamu.

Kilichoniamsha ni maziwa. Matiti yalikuwa magumu kama mawe na blauzi imelowa mpaka kiunoni. Na hapo lazima nieleze jambo moja la kwetu. Wazee wetu wanaamini kuwa mama akilala mbali na mtoto wake, maziwa yanaharibika ndani kwa ndani. Wanayaita maziwa yaliyolala, na mtoto akiyanyonya ataharisha hadi afe. Kwa hiyo mama akipitisha siku aliyoahidi kurudi, mtoto huachishwa ziwa papo hapo, hata mama akisema alikamua, na haulizwi mtu. Ndiyo maana siku zote za safari nilikuwa nikikamua asubuhi na jioni ili yasilale, na ndiyo maana ahadi ya Jumapili ilikuwa ahadi hasa.

Nikakamulia kwenye kikombe. Kuyamwaga chooni nisingeweza, kwetu huko ni kujilaani, kwa hiyo nikatoka nayo bustanini, nimeyafunika kwa leso, nikainama kwenye shina la mgomba.

"Nini hiyo unamwaga, Mama?"

Sista alikuwa nyuma yangu. Alikuwa wa kwanza kuvunja ukimya wa nyumba yake. Nikamwonyesha kikombe. Alikitazama, akasema, "Njoo."

Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na kijichumba chenye kitanda kidogo cha chuma, na ndani yake kitoto cha kiume chenye uso wa kizee. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa kujifungua. Ndugu zake, watu wa kijiji cha Usenge, walikuwa wamekiacha hapo mpaka shangazi apatikane.

"Hii nyathi anakataa chupa," alisema Sista. Nyathi ni mtoto kwa Kijaluo. "Anatema yote. Analia mpaka sauti imeisha. Na mimi hii kazi sijui, Mama, hata nikitaka namna gani."

Hakuniomba. Alisimama tu, mikono ndani ya aproni.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilikuwa nimewaambia watoto wa watu darasani kwamba kifo hakiambukizwi kwa kunyonya. Lakini pale niliogopa, kwa sababu kwetu ziwa la mtoto halichangiwi, na mtoto ambaye mama yake yuko kaburini ndiye haswa asiyepaswa kuligusa. Wanasema atamvuta mtoto mwenye ziwa lake amfuate huko alikokwenda mama yake. Nilikaa kwenye kigoda, nikafungua vifungo, nikamchukua.

Alidaka kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nilisikia maziwa yakishuka mpaka mgongoni, na nikafurahi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Sikumlisha kwa huruma peke yake, nilimlisha kwa raha, na kwa muda wote aliokuwa akinyonya sikumkumbuka wangu.

Baada ya samaki na ugali wa mchana Sista akagonga tena mlango wangu, taratibu. Jioni vilevile. Mara ya mwisho mtoto alilala juu ya kifua changu, na nilipoinua macho dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nikamwona mawazoni mama mkwe ametoka nje, kashika kiuno, anaangalia barabara. Nikaona aibu hata ya kuhema.

Jumatatu wakati wa kuondoka Sista alinisindikiza hadi getini akiwa amembeba yule mtoto. "Erokamano, Mama," alinishukuru. "Mungu atalipa mtoto yako." Nikashindwa kuitikia amina.

Nilifika nyumbani giza likiingia. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, mtoto mapajani, bakuli la uji pembeni. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Pole na safari, mwanangu. Jana nilikungoja mpaka nikachoka. Alilia usiku kucha, nikamzoesha uji. Maziwa yako yamekwisha lala. Nimemwachisha."

Binti yangu aliniona. Akanyoosha mikono yote miwili, kisha akateleza kutoka mapajani akatambaa kuja kwangu, na blauzi yangu ikalowa papo hapo.

"Mama, hayakulala," nikasema.

"Umejuaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Hayakulala kwa sababu jana, siku niliyokuahidi, kuna aliyeyanyonya asubuhi, mchana na jioni. Ni mtoto wa watu nisiowajua, na mama yake amezikwa. Nilimtazama yule mwanamke aliyekesha na mwanangu, nikajua kwamba nikilitamka hatanikaripia. Atamchukua mtoto na kukaa naye mbali nami, akiamini anamwokoa.

"Basi liliharibika," nikasema.

"Hayo hutokea," akajibu. Akamwinua mtoto, aliyekuwa ameshafika na kukamata kifungo changu, akamwondoa kidole kimoja kimoja, akamfunga mgongoni. Kisha akachana shuka kuukuu akanipa kipande, nijifunge kifua ili maziwa yakauke.

Nikaenda chumbani nikajifunga mwenyewe, nikakaza, huku namsikia mwanangu akiniita ng'ambo ya ukuta. Hadi nafunga fundo la mwisho kile kitambaa kilikuwa kimekwisha lowa chepechepe, na yalikuwa maziwa mazima kabisa.