Walikolala Kuku Wangu

Jambo hili ninalisema kwa aibu. Mwaka ule wa mafuriko hapa Ahero nililea vifaranga katika jiko langu kuukuu. Walipoota manyoya, asubuhi moja nikawahamishia banda jipya na kuwaachia watembee. Jioni nikatikisa mkebe wa mahindi, nikaita, hakuja hata mmoja.

Mchana nilikuwa nimewaona wakichakura kwa jirani yangu, Mama Atieno, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa sana. Nikaenda mbio. Akina mama wa kanisa walikuwa wakimwombea mgonjwa, lakini hasira zilinizidi.

“Mama Atieno, nirudishie kuku wangu!”

Maombi yakakatika. Aliinuka polepole, akachukua taa iliyokuwa kando ya mgonjwa.

“Kwani uliwafungia kwanza ndani ya banda, walizoee?”

“Niwafungie kwa nini?”

Alitangulia hadi kwangu, akina mama wakitufuata, akasukuma mlango wa lile jiko kuukuu. Kuku wangu wote walikuwa wamejikunyata kando ya mafiga, wamelala.

“Wamerudi kwao,” akasema.

Akaniinulia taa ili nione vizuri kuwabeba, na kule kwake mumewe alikuwa ameachwa gizani.