Chupa Iliyotoka Tabora

Rahila hakuwa na haraka na mafuta. Ukiyaweka moja kwa moja juu ya moto yanaungua, na yakishaungua hayaachi tena harufu ya kikaango. Kwa hiyo alitia maji kwenye sufuria pana, akaitumbukiza humo chupa ya kioo yenye mafuta ya ufuta, na kuyaacha maji yapeleke moto polepole, tangu baada ya sala ya alfajiri hadi jua lilipopanda juu ya ukuta wa jirani. Ndani ya mafuta mlikuwa na tangawizi kavu iliyopondwa, karafuu, habasoda na punje tatu za ubani mweupe. Kisha aliyachuja kwa kitambaa chepesi cha melimeli, akayatia kwenye chupa ndogo ndogo, na kila Jumatano akayapeleka sokoni.

Soko la Jumatano pale Ibra, Oman, ni la wanawake. Mwanamume haingii. Mumewe, Hamood, dereva wa baladia, manispaa ya mji, alimfikisha langoni kwa pikapu, akashusha sanduku la chupa, akalisukuma ndani kwa ncha ya kiatu, kisha akageuka upesi kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Kutoka hapo Rahila alilibeba mwenyewe, hatua kama arubaini, mpaka kwenye mkeka wake baina ya muuza wanja na muuza vitambaa vya mji wa Sur. Wateja wake walikuwa wazazi wapya wenye viuno vilivyolegea na bibi wenye magoti yanayolalamika kila wakishuka ngazi. Waliyaita mafuta ya Rahila, na jina hilo lilimtosha.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Bi Kaltham, huko Tabora, kabla familia haijarudi mwaka wa sabini na sita kwenye nchi ya babu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. "Mafuta ni mpagazi," Bi Kaltham alikuwa akimwambia, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. "Hachagui mzigo. Ukimtwika karafuu, atakupelekea karafuu mpaka ndani ya nyama. Ukimtwika jani, atakupelekea jani."

Jani lilikuwa bangi. Kwa nyonga za wazee, Bi Kaltham alilianika kivulini, akalizamisha ndani ya mafuta kwenye chungu kilichofukiwa katika majivu ya moto, na kukisahau humo mpaka adhuhuri. Hata huko serikali ilikuwa imelipiga marufuku, lakini chungu kilikaa nyuma ya mlango wa jiko na hakuna aliyekiulizia. Wala katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyewahi kuvuta. Angethubutu, Bi Kaltham angemfukuza kwa mchi. "Moshi ni uhuni," alisema. "Mafuta ni dawa." Aliishi miaka sabini bila ya kuuona mpaka huo ukitikisika.

Walipofika Oman, Rahila alilitoa jani kwenye mapishi, kimya kimya. Sheria ya huku haikuuliza kama unavuta au unajipaka. Kwa miaka mingi hakuna aliyelikumbuka, mpaka nyonga ya Bi Kaltham ilipoanza.

Ilianza kama kikwazo kidogo wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijda. Baadaye akawa anasali kitini. Kufikia mwaka wa tisini na sita, kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari ya mkongojo na mabega ya watu. Rahila alimchua asubuhi na jioni, na kila alipomaliza alirudia neno lile lile:

"Mama, twende hospitali."

"Kisu sitaki."

"Nani kataja kisu? Wakutazame tu."

"Wakishakutazama, wanakuta la kukata."

Abeer, binti wa Rahila, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, naye alijaribu kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Ibra. "Bibi, lazima picha. Wallahi, mfupa yako inasagika, nasikia sauti ukitembea."

"Mfupa yangu inasagika!" Bi Kaltham alimwiga huku akicheka, mkono juu ya paja. "Kwanza jifunze kuuita, halafu ndiyo uutibu."

Rahila hakucheka. Alikuwa ameshaona wanawake wengine wakiketi namna hiyo, mwaka mmoja, miwili, mpaka nyonga ikagoma kabisa na wao wakawa watu wa kitandani. Alijiapia moyoni kwamba mama yake ataingia hospitali kwa miguu yake kabla nyonga haijafunga. Hakujua angempeleka vipi. Alijua tu kwamba atampeleka.

Ndipo alipokuja Mahrous.

Mahrous alikuwa mtoto wa kaka wa Bi Kaltham, aliyebaki Tabora na kinu chake cha nafaka. Alikuja kusalimia jamaa baada ya miaka ishirini. Alipiga magoti mbele ya kiti cha shangazi yake. "Shikamoo, shangazi." Akafungua sanduku, akatoa asali, karanga, na chupa ya mafuta iliyofungwa ndani ya khanga mpya. Rahila alikuwa jikoni wakati huo, akipakua wali. Alisikia kicheko cha mama yake, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu Ramadhani ya mwaka juzi, akadhani ni kwa sababu ya khanga.

Kesho yake asubuhi alimkuta Bi Kaltham amesimama dirishani. Amesimama, mkongojo uko kitandani.

"Maumivu yameondoka, Rahila. Yameaga kabisa."

Harufu ilimfikia kabla hajajibu: majani mabichi na majivu, jiko la Tabora zima ndani ya chumba cha Ibra chenye kiyoyozi. 

"Mahrous!"

Mahrous alikuja anatafuna mkate. "Naam, dada."

"Umepita na hii uwanja wa ndege?"

"Nimepita nayo. Mafuta hayo, dada. Kwani nimebeba misokoto?"

"Wangekufungulia sanduku ungelala jela, na jamaa zako sote tungeitwa. Unajua?"

Aliuteremsha mkate kutoka mdomoni. Hakujua. Uso wake ulionyesha kwamba hakujua, na kwamba mpaka ule wa moshi na dawa aliulishwa utotoni pamoja na uji.

Rahila alinyoosha mkono achukue chupa, lakini Bi Kaltham alikuwa ameshaitia chini ya mto na kuukalia. Na zaidi ya hapo, siku ile alitembea. Alivuka kichochoro hadi kwa Bi Ghalia, jirani, kwenye kahawa ya wanawake ya saa nne, bila ya kushikwa. Rahila alimtazama kutoka mlangoni, mgongo ulionyooka, khanga mpya, na kwa muda mrefu hakuweza kujikemea kwa furaha aliyoiona. Je, kama ni kweli? Mtu anaumwa, dawa ipo, iko chini ya mto. Nani atajua? Alisimama na swali hilo mpaka kahawa ikamalizika.

Jibu lililetwa na Bi Kaltham mwenyewe. Akiwa anarudi, katikati ya kichochoro, nyonga ilinasa. Hakuwa ameisikia ikimwonya, maana sauti ya kuonya ilikuwa imelazwa usingizi. Iwe ni jani, iwe ni furaha ya kuonana na Tabora, Rahila hakuwa na njia ya kujua. Alijua alichokiona: Hamood na Mahrous wakimbeba mama yake kama zulia, na mguu mmoja ukining'inia.

Jumatano ilipofika, alitandika mkeka wake kama kawaida. Mteja wa kwanza aliinama, akanong'ona kwa Kiarabu kwamba anataka yale mengine. Wa pili naye. Wa tatu alikuwa Shukriya, aliyekulia Mwanza, na yeye hakunong'ona.

"Rahila, umetuficha! Mama yako katuhadithia wote kwa Ghalia. Anasema umeyarudisha ya Tabora, yale yenyewe. Nitilie chupa mbili, goti langu nalo lina haki."

Muuza wanja aligeuza kichwa. Rahila alihisi soko zima limemgeukia, ingawa pengine hawakuzidi watatu. Alisimama, akafungua chupa moja baada ya nyingine kwenye mkeka, akazisogeza kwa Shukriya.

"Nusa. Nusa zote. Hiyo karafuu, hiyo tangawizi, huo ubani. Ukikuta jani ndani ya moja, kaniitie polisi mwenyewe."

"Mie natania, shoga."

"Mie sitanii. Anayetaka ya Tabora aende Tabora. Hapa pana mafuta yangu. Hayaponyi mfupa, na hata siku moja sikusema yanaponya. Yanalainisha, basi."

Baadhi waliondoka. Rahila alifunga sanduku kabla ya adhuhuri, akaenda nyumbani, akaingia chumbani kwa mama yake bila ya kuvua buibui. Aliinua mto.

"Rahila. Weka hiyo."

Aliichukua chupa mpaka uani. Bi Kaltham alimfuata kwa macho kupitia mlango ulio wazi. Rahila alichimba shimo, akalijaza majivu ya jiko, akamimina mafuta yote mpaka tone la mwisho, akafukia. Kisha akaichemsha chupa mara mbili kwa sabuni. Mahrous alisimama kando.

"Mama, niwie radhi."

"Sikuwii," alisema Bi Kaltham. Sauti yake haikupanda. "Umeyamwaga maumivu yangu uani kama maji machafu. Radhi yangu huna, mpaka nitakapoona mwenyewe."

Kwa mtoto aliyelelewa kama alivyolelewa Rahila, hakuna sentensi nzito kuliko hiyo. Mali utaipata, watoto utawazaa, lakini mlango wa huko mbele, wa Akhera, umefungwa. Alilia jikoni, juu ya sufuria ya maji, akaangalia machozi yasiingie kwenye mafuta. Jioni, saa ile ile, aliingia na chupa yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumchua.

Bi Kaltham hakuzungumza naye. Hata hivyo, mguu hakuuondoa.

Ikawa hivyo siku kumi na tisa, asubuhi na jioni, mikono ikizungumza peke yake. Rahila hakubembeleza. Kila alipomaliza alisema, "Mama, twende hospitali," akafunga chupa, akatoka. Mahrous aliondoka kurudi Tabora. Hata yeye, kwenye kuaga, alimwambia shangazi yake aende, na akageuziwa mgongo. Siku ya ishirini, Bi Kaltham alizungumza huku uso umeelekea ukutani.

"Ile ya Tabora ilikuwa ikilaza maumivu."

"Ndiyo, mama."

"Hii yako haiyalazi. Usiku kucha yananiambia yaliko."

"Ndiyo."

"Basi waambie hao watu wako wapige hiyo picha. Ila kuchua utanichua wewe, si nesi. Na huyo mtoto wako asifungue mdomo."

Alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari hadi mlango wa hospitali. Ilimchukua muda, Hamood akishika mkongojo wa akiba na Abeer amefumba mdomo kama alivyoamriwa. Picha ilionyesha kiungo kilichokwisha, mfupa juu ya mfupa. Daktari wa Maskati alikibadilisha baada ya miezi mitatu. Rahila alilala sakafuni kando ya kitanda cha mama, na kidonda kilipofunga na daktari akaruhusu, alianza tena kuchua, mbali na mshono, paja na kiuno tu. Bi Kaltham alirudi kuzungumza naye: maji, chai, dirisha. La radhi hakuligusa, na Rahila hakuliuliza. Mama alisema ataona mwenyewe. Basi aachwe aone.

Jumatano moja ya mwaka uliofuata, Rahila alikuwa akipanga chupa kwenye mkeka alipoona pikapu ya Hamood imesimama tena langoni, saa isiyo yake. Hamood alishuka, akafungua mlango wa abiria, akamshika mama mkwe wake mkono mpaka kwenye mstari wa lango. Hapo akasimama. Wanaume wanaishia pale.

Bi Kaltham aliuachia mkono. Mbele yake palikuwa na zile hatua arubaini, mikeka, vikapu vya ndimu, miguu ya wanawake. Rahila alitaka kukimbia kumpokea, akajizuia kwa kushika sanduku kwa mikono miwili. Mkongojo mmoja, polepole, bila ya kunasa. Muuza vitambaa alivuta jora lake ampishe. Katikati ya njia mama alisimama kupumua, akatazama huku na huku kama mtu anayepima bei, akaendelea.

Alipofika alishuka mwenyewe mpaka kwenye kiti kidogo cha Rahila. Akachukua chupa, akafungua, akanusa, akajaza kiganja mafuta.

"Mpagazi wako umemtwika karafuu nyingi."

"Nitapunguza, mama."

"Usipunguze. Nimezizoea." Aliweka kiganja kile chenye mafuta juu ya kichwa cha binti yake, mafuta yakapenya kitambaa cha buibui hadi kwenye nywele. "Nimeona mwenyewe. Radhi yangu unayo, Rahila, ya jana na ya leo." Kisha akamgeukia Shukriya, aliyekuwa amesimama karibu akijifanya anachagua wanja. "Na wewe mwenye goti, njoo. Mafuta nunua hapa, halafu nenda kapigwe picha."

Rahila aliinama, akaendelea kupanga chupa. Mafuta yalikuwa yakimtiririka polepole kwenye paji la uso, na hakuyafuta.