Makopo Yangu Sita na Mikorosho ya Mjomba

Jumanne jioni mwenyekiti wa kijiji chetu cha upande wa Mbekenyera alinipigia simu. Alisema Jumamosi saa nne asubuhi kuna mkutano wa hadhara, mganga ameshaitwa kuja kufukua makopo yangu, na baada ya hapo nitaogeshwa dawa mbele ya watu. Mjomba wangu amekubali.

Nina miaka arobaini na sita, naishi Nachingwea, kazi yangu ni kuandikia magazeti. Jina langu lifichwe. Kijijini wananijua tayari.

Mwaka jana mpima miamba aliyepanga jirani yangu alihama, akaniachia kifaa chake cha GPS. Alikuwa amenifundisha mchezo: unaficha kopo, unaandika vipimo vya mahali lilipo, mwingine analitafuta kwa kifaa. Likizo ya Juni nikawatengenezea wanafunzi wa darasa la sita njia ya makopo sita katika shamba la mjomba, kwa ruhusa yake. Kila kopo lilikuwa na karatasi yenye majina ya wawili wa hadithini ambao hawatajwi mmoja bila mwenzake: kobe na tumbili, kipofu na kiwete, mwindaji na mbwa wake, sungura na fisi, na wengineo. Ukilipata unasimulia hadithi yao, ndipo unapewa vipimo vya kopo linalofuata. Watoto walicheza siku mbili.

Kosa langu ni kwamba sikuyafukua. Nilitaka wayakute tena likizo nyingine.

Msimu wa korosho ulipokaribia, kibarua akisafisha chini ya mkorosho aligonga kopo kwa jembe. Alipolifungua, lilikuwa la sungura na fisi. Kwetu, anayezika kitu shambani anaogopwa, na fisi ndiye mnyama anayesemwa kupandwa na wachawi. Kibarua aliliacha jembe pale pale. Hadi adhuhuri vibarua wote walikuwa wameondoka, na wezi wa korosho nao hawakukanyaga tena.

Nilikwenda kwa mjomba tuwaeleze watu ukweli. Akacheka.

"Mpwa wangu, tulia. Miaka yote naibiwa. Msimu huu naokota na mke wangu polepole, hakuna aliyegusa hata moja."

"Mjomba, wananiita mchawi."

"Waache wakuite. Wewe unalala Nachingwea, mimi nalala hapa."

Siku hiyo hiyo nilipita kisimani. Mama mmoja niliyesoma naye akaniambia mbele ya wenzake, "Dada, leo umekuja kwa basi? Fisi yuko likizo?" Walicheka, lakini hakuna aliyenipa mkono. Watoto waliocheza mchezo ule wamekatazwa kunisalimia. Wanajua mlikuwa na nini ndani ya makopo, ila hakuna mkubwa anayewauliza.

Wenye mashamba ya jirani ndio waliomtaka mganga. Mjomba alikubali kwa sharti moja: afukue matano, la fisi libaki.

Nilimpigia simu mjomba, nikamwambia siogeshwi. Nitayafukua mwenyewe, nizisome karatasi zote sita kwa sauti. Akasema, "Ukifanya hivyo, usiniite mjomba tena."

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mjomba ndiye aliyenilea, na ada yangu ya sekondari ilitoka katika mikorosho hiyo hiyo. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu yako, ukiolewa na hata ukizikwa. Najua ninachokipoteza. Lakini nimeandika habari za vikongwe waliofukuzwa vijijini mwao kwa maneno kama haya, na wote walianza kwa kunyamaza ili kulinda heshima ya ndugu.

Kwa hiyo msinishauri ninyamaze, wala nikubali kuogeshwa. Hayo nimeshayakataa. Ninalouliza ni hili: nifike kwake Ijumaa nimwambie tena ana kwa ana, ingawa akijua sijabadili nia anaweza kuyahamisha makopo usiku? Au nifike Jumamosi tu, anisikie nikisoma mkutanoni pamoja na wenzake?

Tiketi ya Ijumaa bado sijakata. Basi la Jumamosi ni la alfajiri; la Ijumaa linaondoka saa sita mchana.