Mzazi wa Kuazima

Walisema sitafika popote. Wafanyabiashara wenzake baba, waliokuwa wakinunua nguo mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, walisema nitarudi Nairobi kabla baridi haijaisha, na Kichina cha kuombea maji moto tu. "Kijana, huku hata wapishi wanacheza mpira wa kikapu," mmoja aliniambia. "Chuo kikuchukue wewe, kwani wamekosa warefu?" Leo shahada yangu, yenye mhuri mwekundu wa chuo, imetundikwa sebuleni katika nyumba niliyojijengea, na kila mgeni huonyeshwa kabla hajaketi.

Ilikuwa ile miaka ambayo Guangzhou ilijengwa ukiitazama. Baba alinileta, akaniingiza sekondari moja ya wilaya ya Haizhu, kisha biashara ikamharibikia, akarudi nyumbani. Mimi nikabaki kumaliza mwaka wa mwisho, nikilala bweni. Jumapili wenzangu walikwenda kwao. Nilibaki na mlio wa mabomba, kisha nikateremka uwanjani kutupia kikapu mpaka vidole vife ganzi. Hakuna aliyenifundisha. Mkono huu niliuchonga mwenyewe.

Njia ilikuwa moja. Makocha wa vyuo vya mkoa wa Guangdong walichagua wachezaji kutoka sekondari za mkoa huohuo, na aliyechaguliwa alisoma bure na kupewa chumba. Nisipochaguliwa, kibali changu cha kuishi kingekwisha pamoja na shule, nami ningepanda ndege kwenda kuwapa wale wazee raha ya kunicheka.

Kocha wa chuo kimoja alikuja shuleni kututazama, akaniita kwenye majaribio. "Na uje na mzazi," akasema. Ndiyo desturi yao: kocha humsimamisha mzazi kando ya mtoto, akampima kwa macho, akakadiria kijana atarefuka kiasi gani. Na mzazi ndiye wa kukubali au kukataa.

Mimi nilikuwa na baba wa kwenye simu. Viatu vyangu navyo vilikuwa vimeachama. Viatu nikaazima kwa Mtanzania mmoja aliyekuwa akisomea udaktari. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza soksi. Mzazi nikamwazima Zhongda, kwenye soko la vitambaa, ambako Jumamosi nilimtafsiria mama mmoja wa Mombasa. Alikuwa mfupi, mnene, buibui limejaa vumbi la pamba. Kichina chake kilikuwa laoban, la kumwitia mwenye duka, na mei you, yaani hakuna, ambalo wenye maduka walimwambia kila siku mpaka akaanza kuwarudishia.

"Siku hiyo marobota yangu yanapakiwa kwenda bandarini Nansha," alisema. "Nisiposimama pale mwenyewe, wataniachia mengine."

Nikaokota begi langu niondoke. Akaniangalia hivi.

"Haya, saa ngapi, mwanangu?"

Ukumbini mama za wenzangu walikuwa wakiwamiminia supu kutoka themosi na kuwafuta shingo kwa taulo. Nasema bila haya: siku ile hapakuwa na wa kunizuia. Nilifunga, nikapokonya, nikaruka juu ya kijana wa Foshan aliyenizidi urefu. Kila mtoto akifunga, kona yake ilishangilia. Nikifunga mimi, ulisikika wavu tu.

Yule mama wa Mombasa aliingia tumekwisha kuvaa makoti, mifuko ya nailoni mikono yote miwili, akihema. Kocha akatusimamisha ukutani. Kichwa cha mama kilinifika kwenye kiwiko.

"Huyu ndiye mama yako?" kocha akauliza.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anauliza kama wewe ni mama yangu."

"Mwambie mimi shangazi. Kwetu warefu ni wanaume. Babako huinama kila mlango."

Hakuwahi kumwona baba hata kwa picha. Nikatafsiri. Kocha akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Huyu akivunjika mguu, tumpigie nani?"

Hilo nililitafsiri polepole. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Wanipigie mimi. Kwani ana nani mwingine hapa?"

Nilimtafsiria kocha sehemu ya kwanza tu.

"Jumatatu uhamie," kocha akasema, akaenda kwa mwingine.

Nilipohamia chuoni, nikaanza kurudisha. Viatu nilivisugua kwa mswaki hadi nyayo. "Bwana, hivi si vyangu," Mtanzania akasema, "vyangu vilikuwa vinanuka." Kwa mama ilikuwa kazi zaidi, maana alivyotabiri ndivyo ilivyokuwa: kontena lilifungwa bila marobota yake kadhaa, kwa sababu yangu. Nikaenda Guangyuan Xilu, alikoyahifadhi, nikayabeba moja moja toka ghorofani mpaka kwenye lori la kontena lililofuata. Wapagazi walinizomea, mchezaji wa chuo mwenye koti la timu, na mimi sikuacha mpaka la mwisho.

"Sasa hatudaiani, shangazi," nikamwambia.

"Eti hatudaiani!" Akajifunga buibui vizuri. "Nikija tena, basi, utanitembelea kwa deni gani?"

Nikacheka. Akapanda mbele na dereva, lori likaondoka. Nilirudi chuoni kwa miguu, mgongo ukiniuma, nikijisifu njia nzima kwa Kiswahili, kwa sauti, maana hapakuwa na wa kuelewa.