Boriti Yangu Katika Kompyuta ya Kadzo

Mniwie radhi, marafiki: leo nimeionea wivu kompyuta.

Boriti ya zege ya ukumbi wa kanisa letu, hapa Jilore, niliimwaga mimi. Likitafutwa shauri juu yake, huulizwa mimi.

Leo, kuhusu tangi la maji la kuwekwa juu ya boriti hiyo, wazee wamemuuliza Kadzo, mhandisi, binti wa jirani yangu.

Akaitwika boriti tangi hilo ndani ya kompyuta. Nyufa zikajichora kiooni, tukizitazama.

"Babu, itahimili, ila tangi likae juu ya nguzo," akasema kwa adabu.

Wazee wakampigia makofi! (Mimi sikupigiwa hata siku ya kumwaga zege.)

Nikaombwa sala ya kufunga kikao. Nikashukuru kwa saruji, vyuma, mchanga, hata kokoto.

"Na Kadzo je?" akanong'ona mke wa mchungaji, macho kafumba.

Nikajibu, "Amina," nikaketi.

Nihukumuni kwa upole.