Antuuma Aliyekalia Kaburi la Mtani

Pombe ya mtama aliyopika Antuuma ilikuwa nyekundu kama jicho la mwenye kijicho. Wapo wanaoapa kwamba kiwete mmoja alikunywa vibuyu viwili, akasahau fimbo zake, akarudi kwao, mji wa Wa, kwa miguu. Soko la Bolgatanga huwa kila siku ya tatu, na kila siku ya tatu madereva wa malori waliizunguka mitungi yake kama nzi.

Antuuma alikuwa Mdagaaba. Mume alimleta mjini, akafa, akamwachia mitungi miwili na makalio ambayo stesheni nzima ya malori iliyajua. Ng'ambo ya njia alikaa Akolgo, Mfrafra, mchoma nyama ya mbwa. Makabila hayo mawili ni watani tangu mababu.

"Mtumwa wangu, bado hujafa?" Akolgo humwamkia.

"Nife, halafu nani awafungie majirani mbwa wao wasiishie motoni kwako?"

Wakacheka, kila mtu kazini kwake.

Kisha Akolgo akaoa mke wa pili, Lamisi, naye Lamisi akapanga mitungi yake kando ya nyama. Pombe yake ilikuwa nyepesi, unaona kidole chako chini ya kibuyu. Hakupata mnywaji. Basi siku moja ya soko Akolgo akasimama katikati ya wateja wa Antuuma, uso umemkunjamana kama mtu aliyefiwa.

"Ndugu zangu, huyu mama anatia maji ya betri ili pombe ichachuke upesi. Mimi jirani yake, nimeona."

Wenyeji wakaangua kicheko, wakijua ni utani. Lakini madereva wale ni watu wa kusini. Utani wataujulia wapi? Waliweka vibuyu chini, kimoja kimoja, wakavuka njia wakaenda kwa Lamisi.

Antuuma alimpeleka Akolgo kwa mzee wa mtaa.

"Ulikuwa utani tu, mzee," Akolgo akasema, huku anachokonoa meno.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, tangu lini Mdagaaba akamshitaki Mfrafra? Mtani hana kesi."

"Nimesikia, baba," akajibu Antuuma. "Mtani hana kesi." Akaenda nalo nyumbani neno lile, akaliweka kama watu wanavyoweka mbegu.

Mvua zikaja, zikaondoka. Pombe yake aliwamwagia nguruwe, nao wakalewa mpaka wakawa wanatembea wawili wawili wameshikana mikono. Binti yake akaacha shule ya ushonaji kwa kukosa pesa ya kitambaa. Antuuma hakununa. Kila asubuhi alimsalimia Akolgo kwa sauti tamu ya kutoa nyuki mzingani.

Ndipo baba yake Akolgo akafa, mzee aliyeshiba siku. Malori yakaleta wafiwa kutoka Kumasi, na madereva wale wale wa kusini wakabaki kula. Kaburi la Kifrafra ni shimo la mviringo, mdomo wa kupita mtu mmoja, likifika chini ndipo linapopanuka. Wachimbaji walikwenda kunywa maji. Waliporudi, walimkuta Antuuma ameketi mdomoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, ameliziba kama kizibo.

Watu wakacheka. Kuzuia maiti ni haki ya mtani. Hupewa chake, akainuka.

"Mtumwa wangu," Akolgo akasema, "shika kuku huyu, utupishe."

"Kuku wako amekonda kama pombe ya mkeo."

Wakaleta kanga mnono. Wakaleta mbuzi. Antuuma akamkagua mbuzi meno, akamrudisha. Jua likapanda, na tai wakaanza kupanga foleni juu ya paa. Akolgo akainama.

"Mama, nakuomba. Baba anaharibika."

"Mitungi yangu nayo iliharibika, wala hakuna aliyeililia."

Akolgo akainua mkono. Mjomba wake akaudaka. "Mguse mtani juu ya kaburi, wewe, umfuate baba yako kabla mtama haujaiva."

Akolgo akamgeukia mzee wa mtaa. Mzee akatazama viatu vyake. "Mtani hana kesi, mwanangu."

"Unataka nini basi?" Akolgo akauliza.

"Ulimi wako. Mbele ya madereva wale."

"Nilisema uongo," Akolgo akanong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Nilisema uongo. Hakuna maji ya betri."

"Mkeo je, amesikia? Maana ndiye uliyemsemea."

Akalisema mara ya tatu kwa sauti iliyoamsha watoto. Antuuma akamtuma binti yake alete mtungi mzima. "Sasa kunywa. Kama ni sumu, shimo ni hili, mtalala wawili."

Akolgo akanywa mpaka tone la mwisho. Wanaume wanne wakamvuta Antuuma; alipochomoka, mlio ulisikika hadi mji wa Navrongo. Marehemu akazikwa. Mwanawe alikuwa amelala chali nyuma ya ghala, anakoroma, udongo wa baba yake ukatupwa na wengine.

Madereva wamerudi kwa Antuuma. Mitungi ya Lamisi inanywesha mbuzi. Majirani humwambia, "Mama, umekwisha kulipiza, msamehe."

"Nimelipiza la baba," husema.

Akolgo ana mama yake, kikongwe wa kukohoa. Kila siku ya soko Antuuma hupita mlangoni kumwulizia hali, halafu hurudi nyumbani akala ugali sahani mbili, asije akapungua makalio.